Tukikutana na tembo Ruaha tukiwa peke yetu ndani ya gari, tufanyeje?

Swali: Shikamoo mzee. Sisi ni familia ya watu wanne kutoka Morogoro: mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 12 na 7. Mwezi wa tisa tunataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa gari letu wenyewe, Prado ya zamani lakini nzima, tulale kambini siku tatu bila dereva wa kampuni. Mikumi tumeshapita mara nyingi. Kinachonitia hofu ni tembo. Shemeji yangu anasema tembo akikujia umpigie honi na kumuwashia taa, na akiwa mkaidi umsogelee na gari, atakimbia. Mume wangu anasema tuzime gari tu tukae kimya. Nani yuko sahihi? Na tukae umbali gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na shemeji, kwa sababu ushauri wake ndio unaoweza kuwaumiza. Honi, taa na kusogelewa na gari ni mambo matatu ambayo tembo huyachukua kuwa ugomvi. Siamini kwamba shemeji anadanganya. Huenda aliwahi kufanya hivyo na tembo akaondoka, maana tembo wengi hupenda kuepuka shari. Lakini yule mmoja asiyeepuka, kama ni dume mzima, ana uzito wa tani tano au sita, na Prado yenu, watu na mizigo ikiwa ndani, haifiki tani tatu. Tena kupiga honi na kuwasumbua wanyama ndani ya hifadhi ni kosa, hata kama tembo mwenyewe amekusamehe.

Mume wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila jibu lake ni la hali moja kati ya nyingi. Kuzima gari na kutulia ni vizuri sana pale tembo anapokuja mwenyewe, taratibu, akila njiani, nanyi mna njia ya kuondokea. Si vizuri mkiwa mmesimama katikati ya njia yake ya kwenda majini, wala mbele ya dume aliyeingia masti, ambaye nitamweleza hapa chini.

Kuhusu umbali, watu wengi huniomba namba ya mita, nami siitoi. Nikikwambia mita 50, kuna jike mzee pale Mwagusi, korongo la mchanga ndani ya Ruaha, atakayepita mita tano kutoka kwenye boneti yenu bila hata kugeuza jicho, na kuna mwingine atakayekasirika mkiwa mita 100. Kipimo ni tembo mwenyewe. Mtazameni alikuwa anafanya nini kabla hamjafika. Alikuwa anakula, anajimwagia vumbi, anapumzika kivulini? Akiendelea kufanya hivyohivyo baada ya nyinyi kusimama, mko mahali sahihi. Akiacha, mmekaribia mno, hata kama kwa macho yenu bado yuko mbali. Rudini nyuma kidogo, mpaka aendelee na shughuli yake.

Ndiyo maana nasisitiza kusimama mapema. Mkimwona tembo mbele, simameni palepale mlipomwonea, angalau dakika mbili tatu. Mpeni nafasi ajue mpo. Halafu mkitaka kusogea, sogeeni polepole, kidogo kidogo, mkisimama kila baada ya hatua chache za gari, na msimlenge moja kwa moja. Gari linalomjia tembo likiwa limemwelekeza boneti ni kama mtu anayekujia amekukazia macho. Na kabla ya kuzima injini, jiulizeni: nikitaka kuondoka sasa hivi, naondokea wapi? Njia hiyo iwe mbele yenu. Rivasi kwenye njia nyembamba yenye mchanga na visiki, moyo unadunda na watoto wanalia, imewatia mashimoni madereva wazuri kuliko mimi.

Sasa lugha yake. Tembo ni mnyama anayesema sana kabla ya kutenda, na karibu ajali zote ninazozijua mimi zilianza na mtu aliyeambiwa mara tatu nne asisikie. Neno la kwanza huwa ni kuganda. Kundi lililokuwa likila linanyamaza ghafla, masikio yamesimama hayapepei, na huoni mkonga ukikunja tawi. Wanasikiliza. Neno la pili ni mkonga kuinuliwa na kukunjwa kama herufi S, ncha ikielekea kwenu, anavuta harufu yenu. Hapo bado hakuna ubaya, anauliza tu ni nani. Neno la tatu wengi hawalioni kabisa: anaanza kujishughulisha na kitu asichokihitaji. Anang'oa nyasi, anazipigapiga mguuni, lakini hazipeleki mdomoni. Anabembeza mguu mmoja wa mbele, mbele na nyuma, kama mtu anayejishauri. Anajishika uso kwa mkonga wake mwenyewe. Wageni hunong'ona, "Tazama anavyocheza." Hachezi. Amekwama kati ya kuondoka na kuwaondoa nyinyi, na huu ndio wakati wa kumsaidia aamue kwa kumwongezea nafasi.

Mkilipuuza hilo, ndipo huja yale ambayo kila mtu huyaelewa: anawageukia uso kwa uso, anainua kichwa juu ya mabega ili awe mrefu zaidi, anatandaza masikio, anatikisa kichwa kwa nguvu hadi masikio yanalia paa! kama shuka lililokung'utwa. Halafu anakuja mbio, vumbi linatimka, pengine analia kwa sauti ya tarumbeta. Mara nyingi sana mbio hizo ni za kutisha tu, na husimama kabla ya kufika. Hapo sasa ndipo dereva anatakiwa awe na moyo. Msipige kelele, msipige honi, msitoke mbio kwa rivasi. Injini iwe inawaka, gari limetulia. Akisimama na kuanza kugeuka ubavu, ondokeni polepole. Mkikurupuka wakati bado anakuja, huenda mkamfundisha kwamba gari ni kitu cha kufukuzwa, na familia itakayopita kesho ndiyo itakayolipa.

Utasikia wakisema kwamba masikio yakitandazwa anatania, na yakilazwa nyuma, mkonga umekunjwa chini ya kidevu na yuko kimya, basi anakuja kweli. Kwa jumla ndivyo ilivyo, nami nimeona zote mbili. Lakini msiifanye kuwa sheria, maana tembo hajaapa kuifuata. Akija amelaza masikio, yuko kimya na hapunguzi mwendo, hapo hakuna cha kungoja: kanyageni mafuta, mwende mbele kwa njia ile mliyoichagua tangu mwanzo, na msisimame mpaka mko mbali sana. Kwa mwendo wa ghafla tembo hufikia kama kilomita 25 kwa saa na kidogo, kwa hiyo gari lililokwisha kuanza kwenda litamwacha. Linaloshikwa ni lile ambalo dereva bado anatafuta gia.

Dume aliye katika masti anahitaji maelezo yake. Madume wazima, hasa kuanzia umri wa miaka 25 hadi 30, huingia kila mwaka kwenye kipindi cha kutafuta majike, damu yao ikijaa homoni za kiume kuliko kawaida. Zamani ilidhaniwa jambo hili ni la tembo wa Asia peke yao, hadi mwaka 1981 Joyce Poole na Cynthia Moss walipoonyesha, kutokana na madume wa Amboseli kule Kenya, kwamba hata wetu huingia. Dalili zake ni hizi: majimaji mazito meusi yanatiririka kutoka kwenye tezi iliyo kati ya jicho na sikio hadi kidevuni, mkojo unadondoka mfululizo akitembea, miguu ya nyuma imelowa kwa ndani, harufu yake kali mnaisikia kabla hajafika, na anatembea kichwa juu, kidevu ndani, kama mwenye shamba anayekagua mipaka. Angalizo moja ambalo hata waongozaji wachanga hukosea: shavu lililolowa peke yake halitoshi. Majike na vijana nao hutokwa na majimaji hayo wakifurahi au wakishtuka, kwa mfano ndugu wakikutana baada ya kupoteana. Tazameni na miguu ya nyuma. Mkiona yote mawili, msimngoje aamue. Ondokeni angali mbali, na mkikutana naye uso kwa uso njiani, barabara ni yake.

Nikupe kisa kimoja, ili uone kwamba sizungumzii vitabu. Miaka mingi iliyopita, mwezi wa tisa kama huo wenu, nilikuwa na wageni watatu kwenye kona moja ya Mwagusi. Kundi la majike na watoto lilikuwa upande wa kushoto, chini ya mti wa mgunga. Nilisimama vizuri, mbali, nikazima injini. Kitu ambacho sikukifanya ni kutazama upande wa kulia. Ndama wawili walikuwa wamebaki kule, wakisukumana kwenye vumbi, nami nilikuwa nimeegesha gari katikati ya watoto na mama zao. Jike mmoja aliinua kichwa. Nilisikia ule mngurumo wa chini kabisa, ambao unausikia kifuani zaidi ya masikioni, na kundi zima likageuka kwetu. Hapakuwa na mbele, palikuwa na gogo. Nilichofanya ni kuwaambia wageni wasitikisike, nami nikaweka mikono juu ya usukani. Jike yule alikuja hadi kwenye kioo cha upande wangu, akasimama. Niliona kope zake. Alipitisha mkonga juu ya boneti akinusa, ndama wakamkimbilia kwa nyuma yetu, akawahesabu kwa kuwagusa mmoja mmoja, akaondoka nao. Ilichukua pengine dakika tatu. Tangu siku hiyo kabla sijazima injini hutazama kushoto, kulia na kwenye vioo vya nyuma, nikitafuta kitu kimoja tu: mtoto. Mimba ya tembo ni miezi 22 na mtoto hunyonya kwa miaka, kwa hiyo mama hana mzaha naye. Msiwe kamwe kati yao.

Sasa mpime na tofauti kati ya Mikumi na Ruaha. Barabara kuu ya kutoka kwenu kwenda Iringa inakatiza Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na tembo wa kando ya lami ile wamezaliwa wakisikia breki za malori. Ruaha ina karibu kilomita za mraba 20,000, na njia za magari ziko kwenye kipande kidogo tu, zaidi pale Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, kando ya Mto Ruaha Mkuu na makorongo yanayouingia. Kundi linaloshuka kunywa maji mwezi wa tisa linaweza kuwa limetoka kwenye miombo ambako halijaona gari kwa miezi. Wenyeji na wageni wanakunywa bega kwa bega, na huwezi kuwatofautisha mpaka uwatazame.

Kuna na historia. Kwa takwimu za sensa, Tanzania ilikuwa na tembo karibu 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakahesabiwa 43,000 na kidogo tu. Ujangili huo uliyapiga vibaya maeneo ya kusini, na Ruaha imo. Jike mwenye miaka 35 leo alikuwa binti wakati ule, na anakumbuka. Mtaona pia majike wazima wasio na meno ya nje, yaani pembe, kabisa, wengi kuliko ilivyo kawaida ya tembo. Wawindaji wa pembe waliwaacha wasiokuwa nazo, nao wakazaa mabinti wasiokuwa nazo. Kwa hiyo kundi likikimbia likiona gari, mikia juu, msilifuate hata mita kumi kwa ajili ya picha. Mnalikumbusha mambo mabaya sana.

Na sauti zenu zina maana kuliko mnavyofikiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Amboseli ulionyesha kwamba tembo wakisikizishwa sauti za wanaume wa Kimasai, ambao hugombana nao kwa mikuki mara kwa mara, hujikusanya na kurudi nyuma, kuliko wakisikia wanaume wa Kikamba wakisema maneno yaleyale. Sauti za wanawake na watoto wa kiume wa Kimasai hazikuwashtua kama za wanaume wao. Ongeeni kwa kunong'ona. Mlango wa gari usifunguliwe, mikono na vichwa visitoke dirishani, na mtoto asisimame kwenye kiti akatokeza juu. Gari kwa tembo ni umbo moja. Mtu akichomoza, umbo linavunjika na ndani yake anatokea binadamu.

Hofu nimeizungumza vya kutosha. Nataka sasa nikwambie mnakwenda kuona nini, maana nisingependa mfike Ruaha mkakaa siku tatu mkiangalia masikio tu.

Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kwa sababu maji mengi hutumika juu kule bonde la Usangu, hukatika wakati wa kiangazi na kubaki madimbwi, viboko wamesongamana ndani yake. Ni huzuni, na mimi kila Septemba nikiuona roho inaniuma. Lakini Mwagusi tangu zamani ni mto wa mchanga: juu mkavu kabisa, maji yako chini. Tembo wanayajua. Jike anafika, ananusa mchanga hapa na pale, anachagua mahali. Anaanza kuchimba kwa mguu wa mbele, akiutupa mchanga nyuma, kisha anamalizia kwa mkonga kama mtu anayekwangua chini ya sufuria. Maji ya kwanza ni matope. Anayavuta, anayamwaga pembeni. Anangoja. Maji safi yakijaa ndipo anakunywa, mkonga mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Wapo wanaoacha dimbwi lenye maji tele hatua chache tu pembeni na kuchimba chao, kwa sababu maji yaliyochujwa na mchanga ni masafi zaidi.

Kaeni hapo. Mtaona foleni ikipangwa. Mtaona ndama akipiga magoti kwenye ukingo wa kisima kirefu kuliko mkonga wake, akikosa, akimlilia mama, na mama akipanua shimo. Mtaona dume kijana akimsogeza dada yake akanywe yeye, kisha bibi wa kundi akija na yule dume akikumbuka kwamba ana safari nyingine. Tembo wakiondoka wanakuja nyani, kisha ndege, kisha swala, wote kwenye kisima kilekile. Ukitazama hivyo kwa saa mbili, utafahamu Ruaha ya kiangazi kuliko mtu aliyezunguka kilomita 100 akihesabu wanyama.

Muda wake ni joto. Watu huamka saa kumi na mbili asubuhi kuwatafuta simba, saa tano wamechoka, wanarudi kambini kula na kulala. Ndiyo saa ambayo tembo wanashuka. Nyinyi fanyeni kinyume: bebeni chakula cha mchana, tafuteni kivuli chenye upeo mzuri wa korongo, mkae kati ya saa nne na saa tisa. Kuanzia hapo mwendo wote wa safari ni wa tembo, si wenu.

Tazameni na mibuyu. Mingi ina makovu kuanzia chini hadi pale mkonga unapofika, kwa sababu kiangazi tembo hubandua magome yake na kuyatafuna kwa ajili ya unyevu. Mingine imetobolewa hadi inaonekana kama mlango. Wapo wanaoona ni uharibifu. Mimi nadhani mtu awaonee huruma mbuyu na tembo wote wawili, maana wote wanahangaika na ukame uleule.

Kambi ya Msembe haina uzio, na tembo hupita katikati ya mahema usiku na mchana. Hapo sheria yangu ni moja na siibadilishi: hakuna tunda ndani ya hema wala kwenye gari mnalolala karibu nalo. Chungwa, ndizi, embe, hata maganda. Tembo hunusa kupita mbwa, na akishaonja embe mara moja kwenye boksi la mgeni, ataanza kukagua magari ya watu, na mwisho wake atauawa. Matunda kuleni Iringa. Usiku mtu asitoke hemani peke yake na asitoke bila tochi. Kabla ya kufungua zipu, sikilizeni. Tembo anayekula karibu mtamsikia akivunja matawi na tumbo likinguruma. Asiyesikika ni yule anayetembea, maana nyayo zake ni laini kama godoro.

Ya gari nitayapitia haraka, kwa kuwa mume wako ni dereva. Jazeni mafuta Iringa mjini, na dumu la akiba, msitegemee kupata mbele. Kutoka Iringa hadi Msembe ni kama kilomita 130. Wekeni saa tatu, na muulize pale mjini hali ya barabara kabla ya kuondoka. Matairi ya akiba mawili, jeki na kipande cha ubao mnene cha kuiwekea chini, maana mchangani jeki huzama. Kuvuka korongo, punguzeni upepo wa matairi, ingizeni gia ya nguvu kabla ya kushuka, mwendo mmoja bila kusimama katikati. Na msishuke kabla hamjahakikisha ng'ambo hakuna tembo anayetaka kupanda pale mnapotokea. Lita tano za maji kwa kila mtu kwa siku, hata msipozimaliza. Simu hushika mahali pachache. Kwa hiyo kila asubuhi mwambieni mtu pale kambini mnakwenda upande gani na mtarudi saa ngapi, na mkikwama kaeni ndani ya gari mpaka gari jingine litokee. Viingilio lipieni kwa namba ya malipo kabla au langoni, fedha taslimu hazipokelewi. Mbung'o wapo, hasa mkiingia kwenye miti minene mbali na mto: fungeni vioo, na nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, kwani hata mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa rangi hizohizo.

Ombi langu moja kubwa: siku ya kwanza, ombeni pale Msembe mwongozaji wa hifadhi apande nanyi nusu siku, kwa malipo. Si kwa kuwa mume wako hawezi. Yule mtu atawaonyesha ni kundi lipi linaloshuka wapi wiki hiyo, na kama kuna dume wa masti anayezurura. Baada ya hapo siku mbili zilizobaki ni zenu.

Watoto wapeni kazi. Wa miaka 12 apewe darubini, daftari na penseli, achore masikio. Kila tembo ana sikio lake: tundu hapa, mpasuko pale, ukingo uliochanika kama karatasi. Watafiti wa Amboseli wamewatambua tembo wao kwa majina namna hiyo tangu mwaka 1972. Aangalie pia jino lipi ni fupi zaidi, kwa sababu tembo hutumia upande mmoja kuliko mwingine kama sisi na mikono yetu. Wa miaka saba awe mtafuta watoto: ndama anayeweza kupita chini ya tumbo la mama yake bado hajatimiza mwaka. Yeye ndiye awe wa kwanza kusema kama kuna mdogo aliyebaki nyuma ya gari, na akisema, dereva atii hapohapo. Na haja ndogo imalizwe kambini, kisha kuwe na kopo lenye mfuniko ndani ya gari. Porini hakuna kushuka, hata kama haonekani mnyama yeyote.

Siku ya kuondoka msitoke alfajiri. Iringa si mbali, na kulala pale kabla ya kushuka mlima wa Kitonga ni bora kuliko kuiendea Morogoro usiku. Endeni tena Mwagusi asubuhi, kwenye kisima mlichokiona siku ya kwanza, muone nani amekuja kukichimbua upya. Saa sita mnaanza kuelekea daraja la Ibuguziwa, la kutokea hifadhini, polepole, maana njia ile ya kando ya mto tembo huivuka mpaka dakika ya mwisho.